Kaka anataka nusu ya mkahawa niliouvusha kwenye korona

Mama, shikamoo.

Safu yako nimeisoma miaka mingi nikiwa kwenye kaunta, nikingoja wateja wa mchana. Sikudhani siku moja nitakuwa mimi wa kuandika. Nina miaka 47, ni mjane, nina binti mmoja wa miaka 22. Ninaendesha mkahawa mdogo Mji wa Kale, Mombasa, si mbali na Fort Jesus. Meza nane tu. Marehemu mama aliuanza kwa meza mbili, akiuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Mimi niliingia jikoni mwake nikiwa na miaka 19 na sikutoka tena. Alipofariki 2018 alituacha wawili, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa Muscat tangu 2009. Kaka alikuja maziko, akakaa siku kumi, akarudi kazini. Mkahawa ukabaki mikononi mwangu. Hakukuwa na mjadala wowote.

Kabla ya korona nilikuwa na wafanyakazi tisa. Asubuhi makarani na watu wa bandarini, mchana wali na samaki wa kupaka, Ijumaa biriani, ambayo saa nane ikipita hupati hata ukoko. Kisha ikaja Machi 2020. Kwanza tukaambiwa watu wasikae, tuuze chakula cha kufungasha tu. Halafu kafyu ikaanza tarehe 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Watu walidhani walioumia ni wauzaji wa usiku. Mahamri hayangoji jua, Mama. Unga hukandwa usiku ukaachwa uumuke, na mafuta hupashwa saa kumi ili anayetoka swala ya alfajiri ayakute ya moto. Mkandaji wangu anakaa Likoni. Angevuka feri vipi usiku wa manane? Tukawa tunafungua saa mbili, na saa mbili mtu wa mahamri ameshakunywa chai yake nyumbani.

Mwisho wa Aprili tukaambiwa mikahawa inaweza kufunguliwa ikiwa wafanyakazi watapimwa na meza zitaachana. Nikatoa meza nne nje, nikanunua ndoo ya mfereji na sabuni. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale wote ukafungwa. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, na mkahawa ufungwe. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Wewe unajua Ramadhani ni nini kwa mkahawa wa Mji wa Kale: mwezi huo mmoja ndio unaotuvusha masika. Nilikuwa nimechukua kwa mali kauli, yaani nilipe nikishauza, magunia sita ya mchele, unga, mafuta na tende. Friza mbili zilijaa nguru na nyama. Tulipofunguliwa mwanzoni mwa Juni, Idi ilikuwa imepita wiki mbili. Vilivyokuwa kwenye friza nilikuwa nimevipika vyote nikagawia majirani, kwa sababu stima ilikuwa ikikatika na sikutaka vioze.

Alasiri ile ya kufungwa niliwaita wafanyakazi wangu kabla njia hazijazibwa. Nikampa kila mmoja shilingi 3,000, nikawaambia, "Tutaonana Idi." Walikuwa wananidai mshahara wa Aprili na nusu ya Machi. Wawili walirudi baadaye nikawalipa. Saba sikuwalipa mpaka leo. Juzi nilikutana Marikiti na yule mkandaji wangu wa Likoni. Akaniamkua, akauliza binti yangu hajambo, akaenda zake na kikapu. Hakutaja pesa. Afadhali angenitukana mbele za watu. Siku hizi nikisikia hadithi ya Mtume ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, natazama chini.

Sasa nije kwa kaka. Kati ya Juni 2020 na Machi 2021 alinitumia pesa mara tano, jumla shilingi 600,000. Hatukuandikiana. Mara ya kwanza alinitumia sauti kwenye WhatsApp akasema, "Tumia kwanza, mengine tutazungumza." Ile sauti bado ninayo. Kwa hizo laki sita nililipa kodi iliyolimbikizana, maana mwenye nyumba alinipunguzia miezi mitatu kisha akazidai zote, nikamlipa tajiri wa mchele, na mlango haukufungwa.

Kaka amerudi kabisa mwaka jana. Wiki tatu zilizopita alikuja mkahawani baada ya Isha, akaketi kwenye meza ya dirishani aliyopenda mama. Akasema anataka nusu ya mkahawa iandikwe jina lake, au nimrudishie laki sita zake kabla ya Ramadhani. Tena anataka tuache mahamri na mbaazi, tununue mashine ya kahawa, tuweke viti juu ya paa kwa ajili ya watalii. Binti yangu anasema nifunge kabisa, tupike nyumbani, tuuze kwa oda za simu.

Nina wafanyakazi wanne tu sasa. Biashara ni kama sita kwa kumi ya ile ya 2019. Bei ya mahamri nimeipandisha mara moja tu, kwa woga. Wenzangu wote wamesimama, mimi bado natambaa. Kaka alituma pesa, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyekaa. Nimpe nusu? Nikope benki nimlipe tuachane? Nifunge? Nikifunga, nimeua kitu cha mama. Nisaidie, Mama.

Nisiyejua pa kushika, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mama yako, na marehemu mumeo pia.

Nilipomaliza barua yako nilichukua kalamu, nikapiga mstari kila mahali ulipotaja pesa. Zile 600,000 za kaka umezitaja mara tatu. Umetaja na 3,000 ulizowapa wafanyakazi siku ile. Lakini jumla wanayokudai watu saba hukuiandika hata mara moja. Sisemi hivi kukuumbua. Nadhani unaijua mpaka shilingi ya mwisho, ndiyo maana kalamu yako iliiruka. Nitarudi hapo. Kwanza niruhusu niyatenganishe mambo uliyoyatia kwenye chungu kimoja, kwa maana umeniuliza swali moja, nifanye nini na mkahawa, na ndani yake naona kaka, naona mama, naona watu saba, naona na biashara yenyewe, ambayo pengine ndiyo nyepesi kuliko yote.

Nianze na hiyo biashara. Umesema wenzako wote wamesimama. Wote? Unaowaona ni wale waliobaki. Aliyefunga hana kibao mlangoni cha kukuonyesha. Pita barabara yako kesho asubuhi uhesabu milango iliyokuwa ya chakula mwaka 2019 ambayo leo inauza simu au nguo. Walioanguka hawakuwa wadogo tu. Hoteli ya InterContinental pale Nairobi, iliyokuwepo tangu 1969, ilifungwa 2020, na hiyo ilikuwa na mameneja na wahasibu waliosomea kazi. Wewe ulikuwa na daftari na friza mbili.

Tena hesabu uliyobebeshwa haikuwa sawa na ya watu wa kwingine. Uingereza, Agosti 2020, serikali ililipa nusu ya bei ya chakula cha mtu aliyeketi mkahawani Jumatatu hadi Jumatano, hadi pauni 10 kwa kila mlaji. Marekani walitenga dola bilioni 28.6 kwa ajili ya mikahawa mwaka 2021, na bado zilikwisha kabla wengi wa walioomba hawajapata. Huku kwetu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo ikashushwa kutoka asilimia 3 hadi 1. Nafuu ya kodi humfaa anayeuza. Wewe mlango ulikuwa umefungwa, ungepunguziwa kodi ya mauzo gani? Mabenki yaliruhusiwa kupanga upya mikopo, lakini deni lako halikuwa la benki. Lilikuwa la tajiri wa mchele na mwenye nyumba. Kwa hiyo msaada ulipita mlangoni pako haukuingia, na aliyeingia akawa kaka yako. Hilo likumbuke tutakapofika kwake.

Jambo jingine. Unahesabu hasara yote kuwa ni ya korona, nami nina shaka. VAT ilirudi 16 Januari 2021. Julai mwaka huo gesi ya kupikia nayo ikatiwa VAT. Mwaka 2022 vikaja vita vya Ukraine, na ngano yetu nyingi ilikuwa ikitoka huko na Urusi. Unga ukapanda, mafuta yakapanda, na wewe unauza kitu ambacho ni unga uliokaangwa kwenye mafuta. Ukapandisha bei mara moja, kwa woga. Inawezekana, mwanangu, kwamba ugonjwa ulikupiga miaka miwili na kinachokula mkahawa wako sasa ni sahani unayoiuza kwa bei isiyorudisha gharama yake. Sijui, sijaliona daftari lako. Ndiyo maana nakuomba kabla hujamjibu kaka wala binti, chukua wiki mbili uandike kila kitu kinachoingia kwenye sinia moja la mahamri na sufuria moja ya mbaazi: unga, sukari, iliki, nazi, mafuta, gesi, mshahara wa mkandaji, sehemu ya kodi. Fanya hivyo hivyo kwa biriani ya Ijumaa. Yawezekana ukakuta kuna chakula kinachobeba nyumba na kingine unachowapa watu sadaka bila kujua. Bila hesabu hiyo, ukifunga utakuwa umekimbia kitu usichokiona, na ukigawa nusu utakuwa umegawa usichokijua.

Sasa kaka. Hapa nitasema jambo ambalo huenda likakuuma, nivumilie.

Umeandika kwamba mkahawa ulibaki mikononi mwako na hakukuwa na mjadala. Umeliandika kama jambo la amani. Mimi nikalisoma nikajiuliza: mirathi ya mama iligawanywa lini? Najua nyumba ni ya kupanga. Lakini masufuria, friza, meza, malipo ya awali kwa mwenye nyumba, pesa iliyokuwa kwenye droo siku mama alipofariki, na jina linalowaleta watu kutoka Nyali kuja kula biriani, vyote hivyo mama aliviacha, na aliacha watoto wawili. Ninyi ni Waislamu, unajua mtoto wa kiume ana fungu la mara mbili ya binti. Kaka alikaa siku kumi za msiba akaondoka bila kuuliza. Huenda alikuachia kwa moyo wake. Huenda aliona haya kuuliza mali kaburi likiwa bichi. Au alidhani litazungumzwa baadaye. Aliyoketi juzi ilikuwa meza ya mama, wala sidhani aliichagua kwa bahati. Unasikia madai ya laki sita. Mimi nasikia, labda, mtu anayeuliza swali la 2018 kwa kutumia pesa za 2020, kwa kuwa la 2018 hajui aliingieje.

Ninaweza kuwa nimekosea. Lakini kama niko sawa hata kidogo, basi ukikopa ukamlipa laki sita zote leo hamtakuwa mmemalizana. Utakuwa umelipa deni ambalo silo lenyewe, na swali litabaki mezani.

Na upande wako upo, tena ni mzito. Miaka ishirini ulimpikia mama kabla hajafa. Je, ulikuwa mfanyakazi wake, mshirika wake, au binti anayesaidia? Kama ulikuwa mshirika, sehemu ya kile kilichokuwepo 2018 ilikuwa yako tayari kabla ya mirathi. Hilo halina jibu la haraka, na ni la kuzungumzwa mbele ya mtu mzima wa ukoo mnayemheshimu wote wawili, au sheikh anayejua mirathi na si maneno ya msikitini tu. Mkishindwa, mahakama ya Kadhi ipo na mirathi ni katika kazi zake kwa Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Hatari yake ni kwamba jambo likishafika huko, meza ya dirishani haitakuwa ya kuketi kaka na dada tena, angalau kwa muda. Mimi ningependa mfike huko mkiwa mmechoka kuzungumza, si kabla hamjaanza.

Maana hamjaanza. Isikilize tena ile sauti. "Tumia kwanza, mengine tutazungumza." Hakusema utanirudishia. Hakusema nimekupa. Alisema mtazungumza, na miaka imepita bila ninyi kuzungumza, yeye akingoja na wewe ukishukuru kwamba hajataja. Umesema yeye alituma pesa, wewe ulikaa. Ni kweli. Lakini Muscat nayo ilifungwa, kuanzia tarehe 10 Aprili 2020 hadi siku za mwisho za Mei. Ramadhani ile ile uliyofungiwa Mji wa Kale, naye alikuwa amefungiwa huko, mgeni wa kazi katika nchi ya watu, bila kujua kama kazi itakuwepo kesho. Pesa ya kwanza ilikufikia Juni. Hesabu mwenyewe ilikuwa wiki ngapi tangu afunguliwe mlango.

Tukija kwenye hiyo nusu anayoitaka, ningemuuliza kwa upole: nusu ya nini? Akiwa mshirika wa nusu, anabeba na nusu ya kodi, nusu ya deni la muuza unga, na nusu ya mishahara ya wale watu saba. Anajua habari yao? Naona kama hujamwambia. Mtu akinunua nusu ya jahazi bila kuonyeshwa panapovuja, siku akiona maji atasema alidanganywa, naye atakuwa na haki. Kwa hiyo ukielekea kwenye ushirika, mwanzo wake ni daftari lililo wazi, lote. Na ushirika una sura nyingi kuliko nusu kwa nusu. Zipo namna ambazo mwenye mtaji hupata sehemu ya faida mliyokubaliana na mwenye kazi hupata yake, jina la mkahawa likibaki lilipo. Mnaweza kuweka miaka, tuseme mitatu, kisha mkatazama tena. Yanayowafaa andikeni, na mashahidi wawili watie sahihi. Aya ya deni katika Surat al-Baqara, ya 282, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inaanza kwa kuamuru deni liandikwe. Aya ya 280, kidogo tu kabla ya hiyo, inamtaka mdai ampe muda aliye katika dhiki. Mkizisoma zote mbili pamoja, kila mmoja wenu ana lake la kusikia.

Kukopa benki umlipe muachane, sikukatazi, ila angalia. Mkopo wa kawaida una riba, na mkahawa unaouza sita kwa kumi utaulipa kwa jasho la wafanyakazi wanne waliobaki, halafu nao waje wakae pale walipokaa wale saba. Benki za Kiislamu ziko nchini tangu 2008, lakini murabaha yao, yaani benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida, kwa kawaida ni ya kununulia kitu, friza au jiko, si pesa taslimu ya kumfunga kaka mdomo.

Binti yako naye ana hoja. Kupika nyumbani kwa oda kuliwavusha wengi mwaka 2020 na wengine hawakurudi tena kwenye kodi ya duka. Ila kampuni za kuletea watu chakula hukata kamisheni kwa kila sahani, na nazo si mlima usiohama: Jumia Food ilifunga kazi zake mwisho wa 2023 na waliokuwa wameegemea hapo wakaanza upya. Akianza, aanze kwa namba zake mwenyewe na bodaboda mnayemjua. Na leseni ya kaunti na cheti cha afya vinahitajika hata kama jiko liko uani kwenu. Kuna njia ambayo hakuna kati yenu watatu aliyeitaja: mkahawa upungue badala ya kufungwa. Asubuhi na Ijumaa tu, kwa mfano, kama hesabu ya wiki mbili itaonyesha ndizo zinazolipa, na paa analolitaka kaka lijaribiwe jioni kwa viti sita vya kuazima kabla hamjanunua mashine yoyote. Huenda mbaazi na kahawa vikakaa nyumba moja. Huenda visikae. Mtajua kwa kujaribu, na viti vya kuazima hurudishwa.

Ama kuhusu kuua kitu cha mama, nikuulize. Mama alianza na meza mbili na mahamri ya asubuhi. Meza nane ulizikuta au mliziongeza pamoja? Ukirudi kwenye meza mbili utakuwa umekiua, au utakuwa umerudi alikoanzia? Sina jibu. Wewe ndiye uliyemjua.

Sasa wale watu saba.

Sheria ya kazi ya Kenya inampa mfanyakazi miaka 3 ya kudai mahakamani. Imepita. Hakuna atakayekushtaki, na nadhani ndiyo maana yule mkandaji wa Likoni alikuamkua na kwenda zake. Umesema afadhali angekutukana. Nakuelewa, tusi lingekuwa malipo ya namna fulani. Hakukupa. Huenda amesamehe, huenda anakungoja, na huenda hata yeye aliona haya, maana alikujua ukiwa binti wa miaka 19 jikoni kwa mama yako. Umechukulia kwamba kunyamaza kwake kunakuhukumu. Hujamuuliza.

Unaweza kungoja mpaka uwe na pesa zote uwalipe siku moja. Ni heshima, lakini siku hiyo umeingoja tangu 2020. Unaweza kwenda na kidogo, kwa mmoja mmoja, na karatasi yenye jumla yake. Hatari ipo: ukimlipa mmoja wengine watasikia kabla ya magharibi na watakuja, na mmoja wao atakuja kwa hasira. Unaweza pia kwenda mikono mitupu na tarehe tu, lakini tarehe usiyoitimiza itaumiza kuliko Idi ile. Wawili waliorudi uliwalipa, kwa hiyo kulipa unaweza. Kinachonishughulisha ni kwamba deni hili, tofauti na la kaka, halina mtu wa kulibishania. Ukiliweka nyuma ya laki sita litabaki nyuma daima, kwa kuwa kaka ana sauti na wao wamenyamaza. Hata hivyo wewe ndiye ujuaye droo ina nini, na sitakutuma Likoni na pesa ya mishahara ya wafanyakazi ulio nao sasa.

Kaka amekupa mpaka Ramadhani. Mpigie kabla ya hapo, usingoje tarehe yake. Mwambie uje tuzungumze yale uliyosema tutazungumza, na mwekee ile sauti aisikie mwenyewe. Mpikie. Usianze na laki sita. Muulize alipokuja kwenye msiba alitaka kusema nini akanyamaza.

Na ukishafika Likoni, niandikie. Hata kama hakukufungulia mlango.